Dai na Ushahidi: Uhakiki wa Visakale vya Majina katika Eneo la Viwanda la Nairobi

1. Utangulizi

Katika Eneo la Viwanda la Nairobi, kati ya maghala na karakana, mna barabara iitwayo Pate. Mna nyingine ziitwazo Funzi, Likoni, Changamwe, Bamburi, Shimo la Tewa na Lunga Lunga. Majina haya yote ni ya pwani. Pate ni mji wa kale katika visiwa vya Lamu, mji uliokuwa na wafalme, watunzi wa tenzi na kitabu chake cha tarehe. Katika Nairobi jina hilo limebandikwa kwenye barabara ya malori na mageti ya chuma. Hakuna kisakale kinachoeleza lilivyofika huko. Liliteuliwa ofisini, likaandikwa katika ramani, likatumika.

Ng'ambo ya kuta za viwanda hivyo hivyo hali ni tofauti. Mukuru, Shauri Moyo, Kariokor, Makongeni na Pumwani ni majina yenye masimulizi. Kila mtaa una wazee wawezao kueleza jina lilitoka wapi, na aghalabu wazee wawili hutoa maelezo mawili. Masimulizi haya yamekuwa yakishughulikiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuyanukuu kama historia, bila kuyauliza swali. Ya pili ni kuyatupa kwa kuyaita etimolojia ya mitaani, isiyostahili nafasi katika taaluma ya lugha. Njia hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zote zina kosa moja: zinachukulia kwamba kisakale cha jina kinasema jambo moja tu, na kwamba jambo hilo ama ni kweli ama si kweli.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisakale cha jina kina sehemu mbili zinazopasa kupimwa kwa mizani tofauti. Sehemu ya kwanza ni dai, yaani jambo ambalo msimulizi anataka likubaliwe: nani alifika mwanzo, nani alikaribishwa, nani alilazimishwa. Sehemu ya pili ni mambo ambayo msimulizi huyataja kwa kupita tu, kwa kuwa hayamfaidi wala hayamdhuru. Dai hueleza haja ya wakati wa kusimulia. Mambo ya kupita ndiyo yenye kubeba ushahidi wa wakati wa kale. Kanuni hii inadhihirika vema zaidi palipo na uchimbuzi wa kuilinganisha nayo, na kwa bahati palipo na uchimbuzi huo ni Pate yenyewe.

2. Kipimo cha Pate

Habari za Pate, kitabu cha tarehe cha mji huo, zimetufikia katika nakala kadhaa. C. H. Stigand alichapisha tafsiri yake mwaka 1913, na Alice Werner akachapisha matini ya Kiswahili katika miaka ya 1914 na 1915. Masimulizi hayo yanatajwa kuwa ya Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Wanabahani uliotawala Pate. Hili peke yake lingepasa kumwamsha mhakiki: habari za utawala zimesimuliwa na ukoo wa watawala.

Dai la kitabu ni dhahiri. Inasemwa kwamba Suleiman bin Suleiman Mnabahani alifika Pate kutoka Arabuni mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204, akamwoa binti wa mfalme wa mji, na mfalme akamwachia mkwewe enzi. Tangu hapo nasaba haikukatika, na miji jirani ikashindwa mmoja baada ya mwingine, ukiwamo Shanga.

Neville Chittick alilitilia shaka dai hili mwaka 1969. Kwa kulinganisha matini na mabaki ya ukale aliyoyaona katika visiwa vya Lamu, alihitimu kwamba Pate haikuwa mji mkubwa katika karne ambazo kitabu kinautukuza, na kwamba ufalme wa Wanabahani ulisogezwa nyuma sana kuliko ulivyostahili. Baadaye Thomas Wilson na Athman Lali Omar walichimba Pate penyewe, na matokeo yao yakaonyesha kwamba makazi ya mahali hapo yalikuwa na umri mkubwa kuliko alivyodhani Chittick. Yaani mji ni wa kale, lakini ukale wake hauthibitishi ukale wa watawala wake. Ukale wa mji na ukale wa nasaba ni mambo mawili, na kazi ya Habari za Pate ilikuwa kuyafanya yaonekane kuwa moja.

Mark Horton naye alichimba Shanga, katika kisiwa hicho hicho, kati ya mwaka 1980 na 1988. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msururu wa majengo ya awali, na ya chini kabisa yalikuwa ya miti na udongo, ya mwishoni mwa karne ya 8. Basi Uislamu ulikuwa umekaa katika kisiwa cha Pate karne nne kabla ya mgeni anayesimuliwa, na ulisaliwa katika majengo yaliyojengwa kwa vifaa na ufundi wa mahali. Shanga iliachwa na watu wake katika karne ya 15.

Je, kitabu kitupwe? Hasha. Yafaa kukitazama tena kile kisa cha ndoa. Msimulizi amekusudia kueleza jinsi mwanamume mgeni alivyopata enzi. Lakini ili aeleze hivyo, amelazimika kukiri, bila kukusudia, mambo mawili: kwamba mfalme alikuwapo kabla ya mgeni, na kwamba enzi ilipita kwa mwanamke. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, ikiwamo Manda na Faza, na Faza imo katika kisiwa cha Pate. Ilionekana kwamba tangu mwaka 1000 hivi wenyeji wa Afrika walichanganyika na watu waliotoka Asia, hasa Uajemi. Kwamba asili ya Kiafrika ilipitia zaidi upande wa akina mama, na ile ya Kiajemi upande wa akina baba. Tarehe ya kitabu haikuthibitishwa, wala Arabuni kama chimbuko la wageni wa mwanzo. Lililopatana na mifupa ni umbo la kile kisa: mwanamume atokaye ng'ambo, mwanamke wa mji. Umbo hilo msimulizi hakulitaja ili alitetee. Alilitaja kwa kuwa hakuwa na njia ya kulikwepa.

Hapa ndipo kanuni inapopatikana. Dai lilipungukiwa na ushahidi. Jambo la kupita likaupata. Jan Vansina alikwisha kueleza, tangu kitabu chake cha mwaka 1961, kwamba mapokeo ya watawala hulinda maslahi ya watawala, na Malinowski kabla yake alikiita kisasili hati ya jamii. Yanayopaswa kuongezwa kwa upande wa uhakiki wa fasihi simulizi ni kwamba hati hiyo husomwa pia pembeni, mahali ambapo mwandishi wake hakuweka mhuri.

3. Majina ya ofisi na majina ya kinywa

Kanuni hii ikirejeshwa Nairobi, budi kwanza kutenganisha majina ya ofisi na majina ya kinywa. Jina la mji lenyewe ni la kinywa. Wamaasai waliita mahali hapo Enkare Nairobi, maji yaliyo baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 nomino iliachwa na sifa ikabaki. Katika Kimaasai na- ya Nairobi ni upatanisho wa jinsia ya kike, unaofuata enkare. Kwa hiyo mji huu unaitwa kwa upatanisho usio na nomino yake, kama kwamba Mswahili angeuita mji Yaliyobaridi na kuyasahau maji. Sarufi ya jina hili inashuhudia mto ambao jina limekwisha kuupoteza.

Majina ya ofisi hayana ushahidi wa namna hiyo kuhusu mahali yalipo. Barabara ya Pate haisemi lolote juu ya udongo wa Nairobi. Inasema kwamba mtu fulani alikuwa na ramani ya pwani mbele yake. Hata hivyo, jina la ofisi laweza kuingia kinywani. Mfano bora ni Lunga Lunga. Hapo asili ni mji wa mpakani katika Kwale, unaoelekeana na Horohoro ya Tanzania. Jina likapewa barabara ya Eneo la Viwanda. Kisha watu waliojenga kando ya barabara hiyo wakaitwa watu wa Lunga Lunga, na jina la barabara likawa jina la kijiji cha mabati. Mtoto aliyezaliwa hapo akisema kwao ni Lunga Lunga hamaanishi mpaka wa Tanzania, na wala hakosei. Jina lililofika bila kisakale limeanza kujitafutia kimoja.

Kuna pia jina la ofisi ambalo kisakale chake kipo, ila hakisimuliwi mtaani. Mtaa wa Mbotela, karibu na Barabara ya Jogoo, ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952. Wapangaji wengi hulitumia jina hilo kama wanavyotumia namba ya basi. Walakini ukoo wa Mbotela ndio uliotoa mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili nchini Kenya, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Kitabu hicho kinaeleza habari za watu waliotekwa bara, wakauzwa, wakaokolewa baharini, na kukalishwa Frere Town, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Basi jina lililo juu ya nyumba za wafanyakazi wa Nairobi limebebwa kwa miguu ya mateka, kwa jahazi la watumwa, na kwa manowari. Ofisi iliyoliteua ilikusudia siasa ya mwaka 1952. Umbali wote uliobaki ulikuja ndani ya jina bila kualikwa.

4. Shauri Moyo na Kariokor

Shauri Moyo ni mfano wa kisakale chenye dai kali. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani cha Nairobi kilibomolewa na serikali ya mji, na wakazi wake wengi wakahamishiwa nyumba mpya. Huelezwa kwamba walipotakiwa kuhama waliambiwa uamuzi ni wa mioyo yao wenyewe, na jina likatoka hapo. Kama fasihi, kisakale hiki ni kizuri sana. Watu waliobomolewa nyumba wanaambiwa wachague, na kejeli ya uchaguzi huo inakuwa anwani yao.

Kama historia ya jina, hakisimami kwa urahisi. Shaurimoyo iko Unguja, na Dar es Salaam pia mna mtaa wa jina hilo. Pangani yenyewe ni jina la mji wa pwani katika Mkoa wa Tanga. Kaloleni, Makadara na Majengo yako Mombasa na mahali pengine pwani kabla ya kutajwa Nairobi. Ni dhahiri kwamba majina haya yalisafiri pamoja na Waislamu wa pwani, wapagazi na askari waliojenga vijiji vya mwanzo vya Waafrika mjini, na kwamba tukio la Nairobi lililikuta jina likiwa tayari. Dai, basi, ni la baadaye. Lakini katika kudai, msimulizi hutaja kwa kupita kwamba watu walikuwa na nyumba zao mahali pengine, na kwamba hawakuhama kwa hiari. Mambo hayo mawili ni ya hakika.

Sarufi nayo inaunga mkono safari ya majina. Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Ziwani na Viwandani yote yana kiambishi cha mahali -ni. Mtu angeweza kusema kwamba hili si hoja, kwa kuwa Kikuyu kina -inĩ na Kikamba kina -nĩ yenye kazi hiyo hiyo. Pingamizi hiyo ni ya haki, ila inageuka kuwa sababu ya kufaulu kwa majina hayo. Wenyeji wa bara waliyapokea bila taabu kwa kuwa mwisho wake ulisikika kama wa kwao.

Kariokor ni kinyume cha Shauri Moyo: hapa asili haina ubishi. Jina limetokana na jeshi la wapagazi wa Kiingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, Carrier Corps. Dar es Salaam neno hilo hilo limekuwa Kariakoo. Tofauti ya herufi yastahili kuangaliwa. Kiingereza hakitamki ps ya mwisho, na Kariakoo imeandikwa kwa sikio la Mswahili, silabi zote zikiwa wazi. Kariokor imeishia kwa konsonanti isiyoruhusiwa mahali hapo katika neno la Kiswahili. Herufi hiyo ni alama ya kalamu ya ofisi, iliyoandika kwa desturi ya Kiingereza neno lililokwisha kugeuzwa na midomo ya Waafrika. Katika Nairobi, basi, jina moja limehifadhi pande zote mbili za agizo: walioitwa na waliowaandikisha. Sanamu ya askari iliyo katikati ya mji inamkumbuka mpagazi, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Soko la Kariokor nalo halina jina la mtu. Limehifadhi kikosi, likapoteza watu.

5. Mukuru

Katika Mukuru dai la jina lina uzito mkubwa kuliko mahali pengine, kwa sababu linahusu ardhi ambayo umiliki wake ungali na mgogoro. Vijiji vya Mukuru vimekaa ukingoni mwa Eneo la Viwanda, kando ya Mto Ngong, na wakazi wake ndio wanaofika viwandani kwa miguu alfajiri.

Tahajia ya Kiswahili imeficha jambo. Kikuyu kina irabu saba, na maandishi yake hutenga u na ũ. Mũkuru ni bonde, korongo. Mũkũrũ ni mtu mzima, mkubwa kwa umri. Likiandikwa Mukuru bila alama, jina laweza kusomwa kwa njia zote mbili, na kila usomaji huzaa kisakale chake: kimoja cha mahali, kingine cha mtu. Usomaji wa bonde ndio unaolingana na nchi yenyewe, yenye mto na kingo zake. Neno hilo pia huwafaa wakazi kwa njia wasiyoitafuta, kwa kuwa linashuhudia kwamba mahali palipewa jina na watu waliopaona kabla ya kusawazishwa na kugawiwa kwa namba za viwanja.

Vijiji viwili vikubwa huitwa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben. Hapa -kwa ndiyo yenye kazi yote. Muundo wa kwa pamoja na jina la mtu ni wa kale na umeenea Uswahilini pote, lakini haubainishi uhusiano. Kwa fulani yaweza kuwa shamba alilolimiliki, duka aliloliendesha, mahali alipowapokea wageni, au mahali alipokuwa na amri. Mwenye hati ya kiwanja atasoma -kwa ya umiliki. Mkazi ambaye wazazi wake walikaribishwa hapo atasoma -kwa ya mwenyeji. Sarufi inawaruhusu wote wawili, na mhakiki wa lugha akiitwa kutoa ushahidi hana haki ya kumpa mmoja wao ushindi ambao sarufi haikumpa.

Anachoweza kukifanya ni kuyasikiliza mambo ya kupita. Wasimulizi wanaobishana juu ya Njenga alikuwa nani na Reuben alikuwa na nini hawabishani kwamba mahali palijulikana kwa watu kabla ya kujulikana kwa namba. Jina la mtu aliyejulikana kwa uso haliwezi kuzaliwa mahali pasipo na watu wa kumjua. Hilo ni dogo, na halimpi mtu yeyote hati. Lakini linakanusha usemi mmoja ambao umekuwa ukirudiwa kila mara nyumba zinapobomolewa, kwamba waliopo ni wavamizi wa ardhi tupu.

Kwamba jambo hili si la darasani tu kumeonekana karibuni. Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya zaidi ya 100,000. Oktoba na Novemba 2021 nyumba za maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa. Mwaka huo huo wa 2017, upande wa pili wa mji, Wanubi wa Kibra walipewa hati ya ardhi ya jamii ya ekari 288. Kwa muda mrefu Wanubi walishikilia kwamba jina lisemwe Kibra, neno lao la msitu, wala si Kibera. Na waliobeza ubishi huo kuwa ni wa irabu moja hawakutambua kwamba ndani ya irabu hiyo mlikuwamo kumbukumbu ya nani aliukuta msitu. Hati haikutolewa kwa ajili ya irabu. Hata hivyo, irabu ilishika dai kwa miongo mingi ambayo hapakuwa na karatasi ya kulishika.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba Habari za Pate na masimulizi ya Mukuru, ijapokuwa yametengwa na karne nyingi, na kwa hadhi ya wasimulizi wake, ni utanzu mmoja. Yote mawili hueleza mwanzo ili kutetea haki. Tofauti yao ni kwamba ukoo wa Pate ulikuwa na enzi na ukatafuta ukale, na wakazi wa Mukuru wana ukale wao wa kiasi, wala hawana enzi.

Uhakiki usiochuja ungewatendea vivyo hivyo wote wawili: ungewaamini wote au ungewakataa wote. Uhakiki uliopendekezwa hapa unamtaka mtafiti arekodi kisakale kizima, atenge dai na mambo ya kupita, kisha ayapime mambo hayo kwa sarufi, kwa ramani, na palipo na uchimbuzi, kwa uchimbuzi. Katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi kazi hiyo haina muda mwingi. Wasimulizi wa vijiji vya mwanzo wanakwisha, na majina mapya yanayochorwa katika mipango ni ya namba na herufi. Idara za lugha zina wanafunzi wanaotoka katika mitaa hii hii. Itafaa wapewe kazi ya kuyakusanya masimulizi hayo, kila moja kwa tofauti zake zote, na kwa irabu zake kama zinavyotamkwa. Karani anayepokea jina la Mukuru bila alama amekwisha kuchagua kati ya bonde na mzee, hata kama hajui kwamba amechagua.